Kuhe wa Arobaini Yako

Filbert,

Ni Jumapili asubuhi na nimeketi kwenye kitanda chako hapa Kipili. Nasema nimeketi, lakini nimeshainuka mara nne. Nimekwenda dirishani, nimetazama mitumbwi iliyovutwa mchangani, nimerudi. Nimefungua begi kuhakikisha shati la kanisani limo, kumbe nimelivaa. Unanijua.

Misa ya arobaini yako ni saa tatu. Baada ya Misa watu watarudi hapa nyumbani kula, na kabla hawajanawa mikono natakiwa nimwendee baba yako nimwambie jambo nililolificha tangu siku uliyokufa. Nilikudanganya, Filbert. Ijumaa ile nilikuambia mkuu wa masjala amenitaka nibaki Jumamosi kupanga mafaili, nisije nawe huku ziwani. Hakunitaka. Mafaili yalikuwa yamepangwa tangu Jumatano. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kwa maandishi.

Ngoja niende kwa utaratibu. Nisipojizuia nitakimbilia mwisho.

Ofisini meza yako amepewa mpimaji mpya, mama mmoja mpole kutoka Mpanda. Siku ya kwanza alivuta mtoto wa meza akakuta samaki wako watatu wa bati, wale wa kuvulia, na vipande vya risasi, akaja navyo hadi masjala kuniuliza kama ni vifaa vya upimaji. Nikamwambia ndiyo, vya kupimia kina. Nikavichukua, nikamwandikia hati ya makabidhiano akasaini. Ungecheka mpaka ukae chini. Mlinzi wa getini naye bado hajazoea. Ijumaa moja aliniuliza, "Mshikaji wako mbona hatoki?" kisha akashika mdomo, akageuka kufungua geti ambalo halikuwa na gari.

Wale samaki niliwapeleka kwangu Mazwi, nikawaweka juu ya meza, na kwa wiki nzima sikuweza kukaa chumbani nao. Nilikuwa nikitoka natembea mpaka Majengo na kurudi, bila sababu. Kule Majengo napita kwa yule fundi wa matairi tuliyekuwa tukimwomba vipande vya risasi vilivyobanduka kwenye magurudumu. Bado anatuwekea. Ana kopo zima. Sikumwambia habari zako, nikasema nitakuja na begi.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipoyeyusha? Jiko la mkaa uani kwangu, kopo la samaki juu yake, wewe umechuchumaa na koleo, mimi nimesimama nyuma ya mlango kwa sababu ulisema ule udongo wa kumiminia ukiwa na unyevu hata kidogo, risasi itaturukia usoni. Mama mwenye nyumba akapita akauliza tunapika nini. Ukamjibu, "Mboga ya kuhe, mama." Akasema kwao kuhe ni samaki, ndiye mboga. Ukamwambia huyu wa Kipili naye anakula, na hawa wa bati ndio mboga yake.

Ulimimina risasi kwenye udongo mkavu uliouchonga umbo la dagaa mkubwa, ikapoa, ukaifunga bati linalong'aa, ukatia ndoano mkiani. Wanne siku ile. Jumatatu nikawapima kwenye mizani ya barua ofisini: gramu ishirini na mbili, thelathini, arobaini na moja, hamsini na nane. Nikachapa jedwali kwenye kompyuta. Kina cha maji upande huu, upepo upande ule, katikati uzito wa samaki wa kutumia. Nikalitia kwenye plastiki lisilowe. Ulilisoma kwa makini sana, ukitikisa kichwa kama mkaguzi, halafu ukasema, "Shija, waraka ni mzuri. Tatizo kuhe hajapewa nakala."

Lakini ulinifundisha. Ulisema chukua mwepesi kuliko wote atakayefika chini, na ukitoka hapo unaanza kukosea. Ulisema kuhe ni mwindaji mvivu, anamfukuza samaki mgonjwa, hafukuzi jiwe. Mzito anashuka kama jiwe. Mwepesi anayumba, anageuka ubavu, anang'aa na kufifia, na kuhe anamvamia wakati huo akiwa bado anashuka, kabla wewe hujaanza kuvuta. Asubuhi ya baridi, mwepesi zaidi na polepole zaidi. Upepo ukija mtumbwi unakimbia, mshipi unalala mshazari, husikii chini, basi ongeza. Na wakimfuata bila kuuma, usihangaike na rangi, punguza uzito kwanza. Yote niliyaandika. Nilidhani nikiyaandika nimeyajua.

Sasa nifike kwenye ile safari ya Februari.

Kwetu bondeni, ukimpeleka ndama joshoni, unazungusha kamba kwenye kiganja mara mbili ili asikuponyoke. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita. Kuhe aliponishika mshipi siku ile, mkono wangu ulifanya kile unachokijua. Nikauzungusha. Mara mbili, kama kwa ndama. Akapiga mbio kuelekea chini ya miamba, nailoni ikanikaza mpaka vidole vikawa vyeupe, na mimi kwa woga nikasimama. Nikasimama kwenye mtumbwi, Filbert, mtoto wa wafugaji asiyejua kuogelea. Maji yakaingia upande wa kushoto. Wewe ulifika na kisu kabla sijapiga kelele. Ukakata mshipi, ukaniketisha kwa kunikandamiza bega, halafu ukacheka. "Msukuma, huyu si ndama! Huyu hapelekwi josho!"

Na mimi nilicheka. Ulipomsimulia mama yako mezani nilicheka tena, nikaonyesha mkono. Lakini tangu siku ile kila nikifumba macho nauona ule ukingo wa mtumbwi ukishuka usawa wa maji. Nikiwa kwenye kiti ofisini, nimeshika faili, nauona. Nilitakiwa nikuambie tu: Filbert, naogopa, sitaki kwenda tena. Maneno matano. Nikakuambia habari za mafaili.

Ungesikitika, nilifikiri. Ungeniona bure. Sijui nilifikiri nini.

Kitu ninachokizungukia, kinachoniinua kitandani hapa, si ule uongo wenyewe. Ni basi. Tulipokuwa wawili tulipanda basi siku zote, kwa sababu mimi naogopa pikipiki. Ulikuwa ukinitania, "Wewe hata baiskeli ingekuwa na mkanda ungefunga," lakini pikipiki uliiacha ukaja kukaa na mimi kwenye kiti cha basi, saa zote zile, magoti yamebana. Jumamosi ile ulikuwa peke yako, basi la nini? Mvua ilikuwa imenyesha. Mteremko wa kushukia ziwani ulikuwa tope. Wanasema pikipiki iliteleza tu, hukuwa na mwendo mkubwa, wala hakukuwa na gari jingine.

Woga wangu ndio uliokuwa ukikupandisha basi. Halafu ule ule woga ukabaki nyumbani.

Msibani baba yako alinitambua kwa sauti, maana macho yake yamezidi kuwa mabaya. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie. Akasema, "Afadhali wewe hukuwepo. Kazi imekuokoa, mwanangu. Iheshimu kazi." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Alipokuja mgeni mwingine akamwambia: huyu ndiye rafiki yake Filbert, walikuwa waje wote, kazi ikamwokoa. Na mwingine. Na mwingine. Siku ya kuondoa tanga, vivyo hivyo. Juzi Ijumaa niliposhuka kwenye basi, sijaweka begi chini, namsikia anamwambia jirani, "Yule aliyeokolewa na kazi amefika." Wamenipa jina, Filbert, na jina lenyewe ni uongo wangu.

Mama yako ndiye aliyenituma ziwani. Alisema samaki wa arobaini atoke kwenye ndoano zako mwenyewe, asinunuliwe, na atakayemvua ni rafiki yako. Alisema akiniangalia. Sikuweza kukataa. Basi jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa ufukweni na lile boksi lako, jedwali langu kwenye plastiki, na jaketi la kuokolea nililoazima. Dada yako Yustina alikuwa ameshashika kasia. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mdogo wangu, umevaa godoro?"

"Ndiyo, dada."

"Haya. Ukizama utalala vizuri."

Niliingia kwa magoti. Sikusimama hata mara moja, nakuambia ili ujue.

Upepo wa kusini umeshaanza. Haukuwa mkali, lakini ulikuwa ukitusukuma pembeni ya ile miamba yako. Nikatoa jedwali. Kina mita kumi na tano, upepo wa wastani: arobaini na moja. Nikamshusha. Alifika chini mara moja, tena vizuri, nikamsikia anagonga jiwe, nikavuta, hakuja. Akabaki huko. Dakika tano za kwanza na nimeshampoteza samaki wako mmoja. Yustina akahesabu kwa macho waliobaki ndani ya boksi.

Jedwali linasema upepo ukikusukuma ongeza. Nikamtia hamsini na nane. Huyo nilimsikia kila mahali, nikawa namwinua kabla hajanasa, namwinua na kumshusha, namwinua na kumshusha, mpaka bega likauma. Hakuna. Nilipomvuta hadi juu niliwaona, maji yalikuwa meupe mpaka chini: kuhe watatu wanamfuata nyuma, wakubwa, wametulia kama watu wanaomsindikiza mgeni. Walipofika karibu na mtumbwi wakageuka.

"Hao wanasoma tangazo," Yustina akasema. "Hawanunui."

Nikakukumbuka: punguza uzito kabla ya rangi. Nikamfunga wa ishirini na mbili. Lakini mtumbwi ulikuwa unakimbia na upepo, mshipi ukalala mshazari nyuma yetu kama kamba ya kuanikia nguo, na samaki hakufika hata nusu. Mzito wanamkataa, mwepesi hafiki. Nikalisoma jedwali tena. Nikaligeuza nyuma, ambako hakuna kitu. Filbert, nilitaka kulia, na haikuwa kwa ajili ya samaki. Niliona nitarudi mikono mitupu kwa mama yako, na nikirudi mikono mitupu sitaweza kumtazama, na nisipomtazama sitasema, na leo hii baba yako angesimama mbele ya watu wote wa arobaini aseme tena kazi iliniokoa.

Nikamuuliza Yustina, kama mtu anayeuliza njia: upande wa pili wa miamba kukoje?

"Kumetulia. Upepo haufiki. Filbert alikuwa akianzia kule kule."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unasoma karatasi."

Miaka miwili nimekaa mbele yako kwenye mtumbwi, na sikuwahi kuona kwamba kabla hujagusa boksi la samaki ulikuwa umeshapiga makasia. Nilidhani tunafika tu. Niliandika kina, nikaandika upepo, nikaandika gramu, sikuandika kwamba mtumbwi unaweza kuhamishwa.

Upande ule maji yalikuwa yamelala. Nikamshusha wa ishirini na mbili na mshipi ukasimama wima. Nilimwona anayumba, anageuka, anang'aa, mpaka akapotea. Nikahesabu kimoyomoyo kama ulivyonifundisha. Chini ilipaswa iwe kwenye kumi na nne au kumi na tano. Kwenye tisa mshipi ukalegea, kama mtu ameushika kwa mkono huko chini. Nikaupiga mshipi juu kumnasa.

Sikuuzungusha. Mkono ulitaka, nakuambia ukweli, niliuona ukianza kugeuka kiganja. Nikaufungua. Mshipi ukanipita vidoleni ukinichana, na Yustina nyuma anapiga kelele, "Mpe! Mpe aende! Sasa vuta! Vuta, usimbembeleze!" Nikampa, nikavuta, nikampa. Alipotokea juu ya maji alikuwa wa manjano, na ile mistari yake myeusi, mrefu kuliko mkono wangu toka kwapani. Yustina akamdaka kwa matamvua akamtupa miguuni pangu, nami nikageuka nyuma kukuonyesha.

Nilikuwa nimesahau. Ule muda wote, kutoka kwenye tisa, nilikuwa nimesahau kabisa. Nikageuka na uso umejaa furaha, nikamkuta Yustina. Naye alijua nilikuwa nikimtafuta nani. Akainama akashika kasia, na kwa muda tuliacha mtumbwi uende unakotaka.

Tulipata wawili wengine pale pale, na sangara mmoja mdogo.

Mchana nilikaa uani na mama yako kupara. Wengine walikuwa wameenda kuteka maji na kupokea wageni kutoka Namanyere. Nilijua nikingoja jioni nyumba itajaa. Nikasema nikiwa nimeangalia samaki. Nilisema vibaya, nilianzia katikati, nikarudi Februari, nikaeleza habari za josho, nikaeleza mafaili. Yeye hakuacha kupara hata mara moja. Nilipomaliza akasuuza kisu.

"Najua," akasema.

Akaniambia ulimpigia simu Jumamosi ile kabla hujawasha pikipiki. Ulimwambia, "Mama, nakuja peke yangu. Shija kanidanganya, eti ana mafaili. Anaogopa maji. Mwacheni kwanza, atapoa mwenyewe."

Kwa hiyo ulijua. Ijumaa ile, umeegemea dirisha la masjala, ukisema "Poa, mshikaji, tutaenda mwezi ujao," ulikuwa umeshajua. Tangu jana nalifikiri hilo na sipati pa kuliweka. Kama ulijua, kwa nini hukunicheka? Ungenicheka ningekiri. Au uliona aibu kwa niaba yangu. Ulipowasha pikipiki ulikuwa umekasirika kidogo? Sitajua.

Mama yako alisema hakunikasirikia kwa uongo. Vijana kudanganyana, akasema, ni jambo la kila siku. "Nilikuwa nangoja useme. Ulikuja kuzika, ukala ukaondoka. Ukaja kuondoa tanga, ukala ukaondoka. Na mume wangu anamwambia kila mgeni kazi ilikuokoa, na wewe umekaa pembeni unaitikia, 'Ndiyo, Baba.' Hapo ndipo uliponichoma." Nikamwomba radhi. Akasema radhi yake nimeipata, lakini baba yako hajui, na yeye hatamwambia. "Kesho baada ya Misa utamwambia mwenyewe. Usinitazame mimi, sitakusaidia." Kisha akanirudishia kisu. "Endelea. Huyo bado ana magamba tumboni."

Basi hapa ndipo nilipo. Nimeandika sentensi ya kumwambia baba yako mara sita, nyuma ya lile jedwali. Ya kwanza ilianza kwa "heshima na taadhima". Ya tatu ilikuwa na "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu", nikaona haya kwa mkono wangu mwenyewe. Zilizobaki ni hizi: Baba, siku ile sikuwa na kazi. Nilimdanganya Filbert kwa sababu niliogopa maji. Kama ningekuja, tungepanda basi.

Ile ya mwisho ndiyo nisiyojua kama nitaweza kuitamka. Anaweza kuninyang'anya mkono wake. Anaweza kusema niondoke uani kwake, mbele ya paroko na watu wote, nami nitaondoka. Anaweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Lakini sitaki ale samaki wangu akiwa bado anamshukuru Mungu kwa kazi ambayo haikuwepo.

Sasa namsikia nje. Ameshavaa koti, ametoka mlangoni na fimbo, anauliza Shija yuko wapi. Anataka nimshike mkono kwenda kanisani. Anasema wengine wanamvuta kama mzigo, mimi natembea polepole.

Mama yako alisema baada ya Misa. Sitangoja. Nikingoja nitaingia kanisani nimemshika mkono, nitakaa naye benchi moja, na atamwambia wa mbele na wa nyuma. Njia ya kwenda kanisani inapanda, yeye husimama mara mbili kupumzika, na pale anaposimama huwa hakuna watu.

Pumzika, mshikaji wangu. Ndoano zako zimesuguliwa na kukaushwa, ziko mikononi mwa Yustina. Nakuahidi hili moja tu: kabla hatujafika mlangoni pa kanisa, baba yako atakuwa amelisikia kutoka kinywani mwangu, lote, pamoja na basi.

Ananiita mara ya pili. Nakwenda.

Shija